KABLA YA KUCHAGUA JETI, TAZAMA UWANJA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu, Lodwar

   

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala. Hoja ilikuwa hivi: "Kijana wa Turkana aache ndoto ya kurusha jeti, atafute kazi iliyo karibu." Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na tulishindwa kwa kura nyingi. Msemaji wa upande wa pili ni hodari, nampa haki yake. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo jeti ya masafa marefu, ya kwenda London bila kupumzika, itatua wapi hapa kwetu? Kawalase?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana kila mtu anajua Kawalase ni laga, na wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu wa kuchezea watoto. Nami nilicheka. Lakini maoni yangu, na ndiyo nitakayoyatetea hapa, ni kwamba ndugu yetu yule aliuliza swali la kwanza ambalo rubani yeyote wa kweli huuliza. Itatua wapi? Na je, ikishatua, itaweza kuondoka? Mtu anayechagua ndege kwa kutazama viti vya ngozi na sahani za mezani huyo ni abiria. Rubani huanza na ardhi.

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, hebu nianze na neno lenyewe. Neno "rubani" ni la zamani kuliko ndege. Lilitoka baharini, kwa watu wa pwani, ambako rubani alikuwa ndiye ajuaye njia ya maji, mwamba ulipo na mlango wa bandari ulipo. Mwenye chombo angeweza kuwa tajiri mkubwa, lakini chombo kikikaribia miamba, anayesikizwa ni rubani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi na merikebu zake akiwa hajui njia ya kuvuka bahari kwenda Bara Hindi. Alipewa rubani pale Malindi, na ndiye aliyemfikisha Calicut. Mwenye mizinga alikuwa Mreno, mwenye kujua alikuwa mwingine. Naomba msomaji aiweke habari hiyo kando kidogo, tutairudia tukifika kwa matajiri wa leo.

Haya sasa, jeti zenyewe. Zile zinazoitwa za masafa marefu si nyingi kwa aina. Wamarekani wana Gulfstream, Wakanada wana Bombardier, Wafaransa wana Dassault Falcon. Gulfstream G650, ambayo ilianza kazi mwaka 2012, huenda karibu kilomita 13,000 bila kutua. Bombardier Global 7500, iliyopata kibali mwaka 2018, hupita kilomita 14,000. Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita elfu kumi na moja na mia kadhaa, kwa hiyo zote mbili zinaweza, angalau kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu hesabu ile hufanywa kwa hali nzuri ya upepo, abiria wachache na mizigo michache.

Lakini tazama upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo, ule ambao watu hawausomi. Ndege hizo zikijazwa mafuta zinahitaji takriban mita 1,800 za kukimbia na kupaa, na hizo mita 1,800 ni za mahali palipo usawa wa bahari, na hewa ya baridi kiasi. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu jeti ya masafa marefu kwa kweli ni tangi la mafuta lililotiwa mabawa. Inapoondoka ikiwa imejaa, karibu nusu ya uzito wake wote ni mafuta. Ukitaka iende mbali lazima uijaze, ukiijaza inakuwa nzito, ikiwa nzito inataka njia ndefu. Ni kama ngamia. Ukitaka avuke nyika mpaka mbali unampakia maji mengi, na ukishampakia hainuki kwa urahisi.

Uwanja wa Wilson kule Nairobi, ambako ndege zetu nyingi za Lodwar hutoka, njia zake ni kama kilomita moja na nusu tu. Kwa hiyo jeti kubwa iliyojaa mafuta haiwezi kuondoka Wilson kwenda Amerika, sharti iende Jomo Kenyatta ambako njia inapita kilomita 4. Na hata Jomo Kenyatta si mchezo, kwani iko juu kiasi cha mita 1,600 toka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halipati cha kushika na injini haipati cha kupumua. Ndege hukimbia sana kabla ya kuinuka. Eldoret njia ni kilomita tatu na nusu, lakini uwanja uko juu zaidi, kupita mita 2,000. Ukiuliza mahali pazuri kabisa nchini pa kuondokea na jeti nzito kwenda mbali, jibu ni Mombasa: usawa wa bahari na njia ndefu. Nani angedhani?

Na Lodwar je? Sisi hatuko juu, tuko kama mita 500 tu. Lakini tuna kitu kingine. Tuna jua. Mchana wa nyuzi 35 ni jambo la kawaida kwetu, na wakati mwingine zaidi. Hewa yenye joto hupanuka, ikipanuka inakuwa nyepesi, na ndege inaiona kana kwamba iko juu ya mlima. Kwa hiyo saa nane mchana hapa Lodwar, ndege inadhani iko mahali pa juu kabisa kuliko ilipo. Ndiyo maana marubani wengi hupenda kutufikia asubuhi. Hili nililielewa siku mwalimu wetu wa fizikia alipotufundisha sheria za gesi, na nikawa sina raha mpaka kengele ya mapumziko, nikitaka kumwambia mtu.

Sasa msomaji ataniuliza, mambo haya yote ya mita na joto yana maana gani kwa mtoto wa mama anayeuza vikapu vya mkoma sokoni? Yana maana ya uhai na mauti.

Tarehe 24 Januari 2003, ndege aina ya Gulfstream ya kizazi cha kwanza, ile yenye rafadha, ilikuwa Busia ikiwa imebeba mawaziri wa serikali mpya ya wakati ule. Hiyo ilikuwa ndege ya wakubwa hasa, iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kubeba wakurugenzi wa makampuni. Uwanja wa Busia ulikuwa mdogo. Ndege ilipopaa ilinasa nyaya za umeme, ikaanguka. Waziri wa Kazi, marehemu Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili, na wengine wakaumia. Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi aina ya Y-12 iliyokuwa ikiwapeleka wabunge na viongozi Marsabit kwenye ujumbe wa amani iligonga mlima katika mawingu mazito. Watu 14 walifariki, akiwemo Dkt. Bonaya Godana. Kaskazini nzima ililia. Wazee wetu hata leo wakitaja Marsabit husema ile ni siku amani ilipoteza wazazi.

Mimi si mchunguzi wa ajali na siwezi kumhukumu marehemu yeyote, Mungu awalaze pema. Ninachosema ni kwamba ndege ya wakubwa haina mlima wake wala uwanja wake maalumu. Cheo cha abiria hakiongezi mita hata moja katika njia ya kurukia.

Hapo ndipo ninapokumbuka niliyoyaona Kakuma. Wakati wa likizo mimi huenda kwa mjomba wangu, ambaye hupata vibarua vya kupakia na kushusha mizigo uwanjani. Kakuma ndege si kitu kigeni. Kambi ilianza mwaka 1992, na tangu hapo wageni na wafanyakazi wa mashirika wamekuwa wakija kwa ndege, na siku hizi huja kwa zile za UNHAS. Kabla ndege haijatua kuna mtu wa kufukuza mbuzi. Siku hiyo ilikuja ndege ndogo ya kukodi, nayo ilikuwa iondoke na bwana mmoja mwenye heshima zake na wenziwe. Bwana yule alikuja na masanduku, mifuko, vikapu vya zawadi na mbuzi wawili waliokwisha chinjwa, wamefungwa ndani ya magunia. Rubani alikuwa kijana, sidhani kama alifika miaka thelathini. Alimwomba mjomba apime mizigo yote kwa mzani. Akaandika, akapiga hesabu, akatazama soksi ile ya upepo, akatazama jua.

"Mzee, naomba radhi," akasema. "Mizigo yote haitaenda. Ama tupunguze, ama tungoje jioni jua lipoe."

"Kijana, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana, mzee wangu. Lakini ndege haikujui."

Tulikaa kimya sote. Mjomba alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na mjomba siku hiyo alikuwa amevaa akala. Bwana yule alipiga simu, akazungukazunguka, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika katika jarida la shule. Rubani alisimama tu chini ya bawa, mikono nyuma, kwa adabu kabisa. Hatimaye masanduku manne na mbuzi wote wawili wakabaki, wakafuata kwa gari. Ndege ikaruka salama. Ninavyojua mimi, kijana yule angeweza kupoteza kazi siku ileile, maana tajiri mmoja akiudhika, kampuni ndogo hutetemeka.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia kwamba rubani wa jeti ya kibinafsi ni dereva wa tajiri tu, humkatalia. Dereva akikosea hesabu anaegesha kando. Rubani hana kando. Kazi anayolipwa kwa kweli ni kusema "hapana" kwa mtu anayemlipa, na kuisema kwa heshima, na kuisema mapema kabla injini haijawashwa. Ni yule rubani wa Malindi tena. Mwenye chombo huchagua aendako, na mjuzi huamua kama kunafikika.

Nije sasa kwenye jambo lililozungumzwa mno hapa nchini. Serikali yetu ina jeti yake ya rais, Fokker 70, iliyonunuliwa mwaka 1995 na ambayo huendeshwa na marubani wa Jeshi la Wanahewa. Ni ndege ya safari za wastani. Mwezi wa Mei 2024 Rais William Ruto alipokwenda Marekani kwa ziara ya kitaifa, alisafiri kwa Boeing Business Jet ya kukodi, ya kampuni ya Royal Jet ya Abu Dhabi. Nchi nzima ikawaka. Wengine wakauliza mbona hakupanda Kenya Airways, wengine wakauliza nani amelipa. Rais mwenyewe akasema gharama iliyoifikia nchi haikutimia shilingi milioni 10. Matatuni, sokoni, hata foleni ya maji, kila mtu alikuwa mhasibu.

Mimi sikatai swali la pesa. Pesa ni za umma na umma una haki ya kuuliza, hasa umma ambao shule zake hazina maabara. Lakini kilichonishangaza ni kwamba watu wachache sana waliuliza swali la rubani: je, safari hii inahitaji ndege ya namna gani? Fokker 70 isingefika Marekani bila kutua njiani mara kadhaa kuongeza mafuta. Ndege ya abiria ya kawaida kwa upande mwingine ipo, kwani Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018, kwa Boeing 787. Sasa ukishajua hayo mawili, ndipo unaweza kubishana vizuri kuhusu gharama. Mtu asiyejua masafa atabishana kuhusu rangi ya ndege. Kwa maoni yangu, taifa ambalo raia wake wanajua kusoma karatasi ya ndege halidanganyiki kwa urahisi, wala na wanunuzi wala na wapinzani wa wanunuzi.

Na kwa hapa kwetu je? Tangu mafuta yapatikane katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, tumeona wageni wa makampuni wakija na kwenda. Kila mara husikia vijana wakisema, "Siku mafuta yakianza kutoka kweli kweli, Lodwar itajaa Gulfstream." Hizo ni ndoto za mchana. Mimi ningepewa uwezo wa kuchagua ndege moja kwa ajili ya Turkana, nisingechagua Gulfstream hata nikipewa bure, kwani nitaiweka wapi? Ningechagua kati ya ndugu wawili wa Uswisi. Wa kwanza ni Pilatus PC-12, yenye injini moja na rafadha, ambayo huridhika na njia isiyofika mita 800 na huenda kilomita elfu tatu na zaidi. Madaktari wa angani wa AMREF, ambao kazi yao ilianzishwa mwaka 1957, wanaitumia kuchukua wagonjwa katika viwanja vya vumbi. Wa pili ni PC-24, ambayo ni jeti kamili lakini iliundwa tangu mwanzo iweze kutua hata pasipo lami, na huhitaji takriban mita 900. Masafa yake ni kama kilomita 3,700 ikiwa na abiria wanne. Kwa ramani tu, hiyo ni Lodwar hadi Dubai, au Lodwar hadi Johannesburg. Bila shaka joto letu litapunguza kitu hapo, na rubani atapiga hesabu upya. Madaktari wa angani wa Australia walipokea PC-24 yao ya kwanza mwaka 2018, na Australia ina nyika kama yetu.

Unaona basi? Jeti ileile ambayo tajiri wa Ulaya huitumia kwenda mkutanoni, kwingine hubeba mama aliyeshindwa kujifungua. Mtu aliyejifunza kuirusha kwa ajili ya mmoja anaweza kuirusha kwa ajili ya mwingine. Ndiyo sababu ndugu zangu wa upande wa pili waliposema kazi hiyo ni ya kuwatumikia matajiri tu, mimi sikukubaliana nao.

Tuzungumze jinsi ya kuipata kazi yenyewe, maana hapa ndipo uvumi ulipo mwingi. Kuna anayesema mwenye miwani hawezi kuwa rubani. Si kweli, miwani inaruhusiwa mradi macho yarekebishike na upite uchunguzi wa daktari wa daraja la kwanza. Kuna anayesema lazima uwe mrefu. Mbona sijaona popote? Kinachotakiwa kwa kweli ni hiki. Leseni ya kwanza, ya mtu binafsi, huanzia umri wa miaka 17, na saa za kuruka kama 40. Ya pili ni ya biashara, umri 18, na saa 200, au 150 ukisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Kisha kibali cha kuruka kwa kutazama vyombo, maana mawingu hayangoji, na kibali cha injini zaidi ya moja. Ile ya juu kabisa, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya marubani wawili, hutaka umri wa miaka 21 na saa 1,500. Na kila aina ya jeti ina kibali chake. Anayejua Falcon hawezi kuingia Gulfstream kesho akaiwasha, sharti asome tena, afanye mazoezi katika simuleta, atahiniwe.

Aidha lazima upasi Kiingereza cha redio, kiwango cha nne katika ngazi sita za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. (Wanachama wenzangu, msinuse. Kiswahili tutakizungumza tukishatua.)

Baada ya leseni ndipo njaa huanza. Hakuna tajiri anayempa mtoto wa saa 200 jeti yake. Vijana huanza Wilson kwa ndege ndogo kama Cessna Caravan, wakipeleka miraa, barua, watalii na watu wa mashirika, wakijaza kitabu chao cha saa kidogo kidogo. Na Wilson yenyewe ilianza hivyo hivyo, kwani Bi Florence Kerr Wilson alipoanzisha shirika lake la ndege Nairobi mwaka 1929 alikuwa na ndege moja tu, Gipsy Moth. Anayetaka jeti za kampuni husubiri nafasi ya rubani msaidizi, na nafasi hizo ni chache, si kama za mashirika makubwa ya abiria. Mara nyingi huzipata aliyejulikana kwa tabia: anayefika mapema, asiyetoa siri za waliopanda, asiyekunywa, anayeomba mwenyewe vibali vya kupita anga za nchi za watu, anayeagiza mafuta na chakula, na hata anayebeba sanduku la abiria bila kununa. Halafu kungoja. Wakubwa wakienda mkutanoni saa sita, rubani anangoja saa sita.

Katika ngazi hiyo mimi naona mtoto wa Turkana hana upungufu, huenda ana ziada. Caravan hutua wapi? Hutua katika viwanja vya joto, vumbi, upepo wa ubavuni na mbuzi. Hivyo ni viwanja vyetu. Lokichoggio, tangu Umoja wa Mataifa uanzishe shughuli za msaada kwa Sudan mwaka 1989, kulikuwa na madege makubwa ya kudondosha chakula usiku na mchana, mpaka amani ya Januari 2005 ilipofanya mashirika mengi kuhamia Juba. Wazazi wetu walijua kutofautisha Hercules na Antonov kwa sauti tu, wakiwa malishoni. Jambo la kusikitisha ni kwamba miaka yote ile tulipakia magunia. Marubani walitoka kwingine.

Swali la karo silikimbii. Masomo hayo hugharimu mamilioni ya shilingi, na mama yangu hata akiuza vikapu vyote vya Kalokol hazifiki. Upande wa pili walisema hapo ndipo ndoto inapokufa. Lakini ipo njia ya Jeshi la Wanahewa, ambako anayechaguliwa husomeshwa na nchi, na tumekwisha ona kwamba jeti ya rais yenyewe hurushwa na wanajeshi. Na ningeomba wenye kugawa pesa za basari katika kaunti yetu wafikirie, badala ya kugawa vijisehemu kwa maelfu peke yake, kumsomesha rubani mmoja au wawili kila mwaka kwa masharti kwamba watatumikia ndege za wagonjwa hapa kwa miaka kadhaa. Najua wapo watakaosema ni upendeleo. Nao wagonjwa wanaongojea gari la kwenda Eldoret, barabara ikiwa imekatwa na laga, waulizwe.

Kwa wasichana nina neno la ziada. Kapteni Irene Koki Mutungi, Mkenya, ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Ukisikia mtu akisema ndege huhitaji nguvu za kiume, mwulize kama Dreamliner husukumwa kwa mabega.

Lakini yote niliyoyaandika, hewa nyepesi, uzito wa mafuta, mita za kukimbia, ni fizikia na hesabu. Na fizikia ndilo somo ambalo wengi wetu tulilitupa mara tulipoambiwa tuchague, ati kwa sababu ni gumu na linashusha gredi. Katika darasa letu tumebaki tisa, wasichana wawili, mimi mmoja wao. Nimemwomba yule msemaji hodari wa upande wa pili, aliyeuliza jeti itatua wapi, aje akae nasi kipindi kimoja tu, maana mtu mwenye swali kama lile hafai kukaa nje ya darasa lenye jibu. Hajanijibu bado. Kipindi ni Jumanne saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, na dawati la mbele lina nafasi.